Sifuri Katika Kadi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, msomaji wangu, bila shaka umeisikia mara nyingi, na yamkini umewahi kuieleza katika mtihani ukapewa alama zako zote. Mimi pia niliijua vizuri nilipokuwa kijana wa miaka 19, na niliweza kuitolea maana na matumizi yake bila kusita. Hata hivyo, nilipokabidhiwa daftari lenyewe mkononi, niliandika ndani yake jambo lisilo kweli, na kosa langu nusura limgharimu mtoto wa jirani yetu uhai wake. Nataka kukusimulia habari hiyo. Si habari ya kujivunia. Lakini mwalimu asahihishaye makosa ya wengine huku akificha yake hana haki ya kushika chaki.

Nilimaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2008. Nilitamani kwenda chuo cha ualimu, lakini ilinipasa kungoja, kwanza matokeo, halafu karo. Mama muuguzi aliyeisimamia zahanati ya kijiji chetu, katika sehemu za ndani za Kwale, alinihurumia akanipa kibarua tangu Januari ya mwaka 2009. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga foleni ya wagonjwa asubuhi, na kutunza kadi za stoo.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja na rafu za mbao. Kila dawa ilikuwa na mahali pake, na mbele ya kila dawa ilining'inia kadi ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa uzi. Kadi ilikuwa na safu nne: tarehe, iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Kila jioni nilihesabu kilichotolewa nikakiandika. Mwisho wa mwezi nilijumlisha. Kila baada ya miezi mitatu nilijaza fomu ya kuagizia, muuguzi akaitia sahihi, ikapelekwa kwenye ghala la wilaya, na baada ya siku chache gari likaja na makasha yetu. Ilikuwa kazi nyepesi, na wepesi wake ndio uliokuwa mtego wangu. Nilidhani kwamba kazi ya maana katika zahanati ni ile ya kushika sindano, na kwamba kushika kalamu ni kazi ya mtu apitishaye wakati.

Miongoni mwa dawa zile ilikuwamo dawa ya malaria ambayo sisi wa Pwani tunaijua sana. Vidonge vyake ni mchanganyiko wa dawa mbili, artemetha na lumefantrini, navyo humezwa mara sita katika siku tatu. Huja katika pakiti za namna nne kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Mtoto wa kilo 5 mpaka asiyefika 15 hupewa pakiti ya vidonge 6. Mtu mzima hupewa pakiti ya vidonge 24. Kila namna ilikuwa na kadi yake. Kadi ninayotaka kukueleza ni ile ya pakiti ndogo kabisa, pakiti ya watoto.

Januari tulitoa pakiti 30 za watoto. Februari tulitoa nyingine 30, na siku ya mwisho ya mwezi huo rafu ikawa tupu. Muuguzi alipiga simu wilayani, akaambiwa angoje zamu yake. Mwezi mzima wa Machi akina mama walikuja na watoto wao, wakaambiwa dawa imekwisha, wakaandikiwa kikaratasi cha kwenda kununua dukani. Wengine walinunua, wengine hawakuwa na cha kununulia. Nami, jioni baada ya jioni, niliitazama kadi ile nikaandika sifuri.

Ilipofika siku ya kujaza fomu, nilitakiwa kupata wastani wa matumizi ya mwezi. Nilifanya kama nilivyofundishwa shuleni: 30, kuongeza 30, kuongeza 0, gawanya kwa 3; jibu ni 20. Palikuwa na nafasi katika fomu ya kuonyesha idadi ya siku ambazo dawa haikuwapo. Sikuijaza. Ingenibidi kurudi katika kadi na kuhesabu siku, na jua lilikuwa linatua, na vijana wenzangu walikuwa uwanjani wakinisubiri kwa mpira. Tuliagiza akiba ya miezi minne, mitatu ya kutumia na mmoja wa tahadhari. Mara nne ishirini ni 80. Niliandika 80. Mama muuguzi, akiwa na foleni mlangoni na mtoto mikononi, alitia sahihi bila kuisoma, kwa kuwa aliniamini.

Sasa chukua kalamu, msomaji wangu, uhesabu pamoja nami. Mwezi wa Machi haukuwa mwezi wa kugawanyiwa, maana hapakuwa na dawa ya kutolewa. Hesabu ya haki ilikuwa 60 gawanya kwa 2, yaani 30 kwa mwezi, na oda ya haki ilikuwa 120. Pakiti 40 zilipotea katika karatasi kabla ya kupotea katika rafu. Hapana mtu aliyeziiba, wala panya aliyezila. Zililiwa na sifuri yangu.

Gari lilifika siku ya kwanza ya Aprili na pakiti zetu 80, kamili kama tulivyoomba. Mwezi huo zilitoka 30, zikabaki 50. Halafu mvua za masika zikakolea, vidimbwi vikajaa, mbu wakazaliwa, na homa ikapanda kama inavyopanda kila mwaka majira hayo. Mwezi wa Mei pakiti zilitoka mbili kila siku. Jumatatu tarehe 25 Mei niliitoa ya mwisho mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Pakiti za wakubwa, ambazo muuguzi angeweza kuzikata ili kupata za wadogo, zilikuwa zimekwisha juma lililotangulia, kwa sababu mvua haikuwachagua watoto peke yao.

Jumanne tarehe 26, asubuhi, jirani yetu alikuja na mwanawe wa miaka 2. Alikuwa na kilo 11. Alipimwa, akaonekana ana malaria, ile ya kawaida ambayo vidonge 6 huiondoa. Alipewa dawa ya kushusha homa na kikaratasi. Mumewe alikuwa kazini mbali, na kwa siku zile nyumbani hapakuwa na hata shilingi ya unga. Mama yule hakulalamika. Alikikunja kikaratasi akakifunga katika pindo la leso yake, akaniambia, "Ahsante, mwanangu," kana kwamba nilikuwa nimempa kitu.

Ijumaa usiku tulisikia kelele. Mtoto alikuwa ametupwa na degedege. Nilikimbia kutafuta bodaboda, na mama yake akapakiwa akiwa amemkumbatia, wakaondoka kwenda hospitali katika matope na giza. Nilibaki barabarani nikiiangalia taa ya nyuma mpaka ikazama. Alilazwa siku tisa. Mungu alimrehemu, akarudi akiwa hai, amekonda kama kijiti. Leo yuko kidato cha nne, na huenda ndiye anayekisoma kitabu hiki ubavuni pako.

Lau ningeandika 120, tarehe 26 Mei rafu ingekuwa bado na pakiti 40. Moja tu ingetosha.

Yule mtoto aliporudi, Mama muuguzi aliniita stooni. Sikuwa nimemwambia neno, lakini yeye alikuwa amekwisha kuiteremsha kadi kutoka kwenye rafu, nayo ilikuwa mapajani pake.

"Mwanangu," aliniuliza, "mwezi wa Machi tulitoa pakiti ngapi za watoto?"

"Hatukutoa, Mama. Sifuri."

"Na watoto wangapi walikuja wakaonekana na malaria?"

Sikuwa na jibu. Alifungua daftari la wagonjwa, tukahesabu pamoja jina kwa jina. Walikuwa 31.

"Basi sifuri yako iliwaambia nini watu wa wilayani?"

Nikasema kwa sauti ndogo, "Iliwaambia kwamba hakuna aliyehitaji."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sifuri ni mbili, mwanangu. Ipo sifuri ya shibe na ipo sifuri ya njaa. Chungu cha mtu aliyekwisha kula ni kitupu, na chungu cha mtu asiye na kitu ni kitupu vilevile. Apitaye njiani hawezi kuvipambanua. Ajuaye ni aliye jikoni. Na jikoni tulikuwa mimi na wewe. Wewe uliandika, na mimi nilitia sahihi."

Hakunifukuza. Aliniagiza nirudie kadi zote za stoo, moja baada ya moja, tangu Januari, na katika kila fomu niandike siku ambazo dawa haikuwapo. Kazi hiyo ilinichukua majuma mawili, na hakuna somo la chuo cha ualimu lililonikaa kichwani kama majuma hayo mawili.

Nilipokwenda chuoni baadaye, neno lile la sifuri mbili lilinifuata. Nilianza kusoma katika maktaba habari za dawa ile na njia inayopita mpaka kufika kwetu. Nilitaka kujua kadi yangu ilifika wapi. Nilidhani ilifika wilayani ikakomea hapo. Nikagundua kwamba kadi ya zahanati ni ncha moja ya kamba ndefu mno, na ncha ya pili imeshikwa na mkulima asiyejua hata jina la kijiji chetu.

Dawa ile haianzii kiwandani; huanzia shambani. Huko China kuna mmea wa jamii ya pakanga uitwao Artemisia annua, ambao tangu karne nyingi ulitumiwa kutibu homa. Mwaka 1972 bibi mmoja mtaalamu wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walifaulu kutoa ndani ya mmea huo kiini kinachoua vijidudu vya malaria, nacho kikaitwa artemisinini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mbegu za mmea huo ni ndogo kama vumbi. Huoteshwa kitaluni, kisha miche huhamishiwa shambani, ikakua kwa miezi kadhaa, ikavunwa, na majani yake yakakaushwa. Majani hupelekwa kwenye kiwanda cha kukamulia kiini. Kiini hupelekwa kwenye kiwanda kingine kugeuzwa artemetha. Artemetha huchanganywa na lumefantrini, vidonge vikapigwa, vikapangwa katika pakiti, vikakaguliwa, vikapakiwa melini, vikashushwa bandarini Mombasa, vikaingia ghala kuu, kisha ghala dogo, kisha stoo yenye dirisha moja. Tangu mbegu mpaka kidonge hupita kama miezi 14 mpaka 18, na safari ya bahari na barabara bado haijahesabiwa.

Tafakari maana ya jambo hilo. Mtoto anayeugua leo hatibiwi kwa mmea unaopandwa leo. Hutibiwa kwa mmea uliopandwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na mtu aliyekisia kwamba mtoto huyo angekuja kuugua. Wala haifai kukisia kwa wingi tu ili kuwa salama, maana dawa hiyo huharibika baada ya kama miaka miwili, na iliyoharibika huteketezwa kwa moto. Anayepanga dawa za dunia hutembea juu ya ukuta mwembamba: upande mmoja upo upungufu na watoto wasio na dawa, upande wa pili upo wingi na moto unaoteketeza fedha za maskini.

Kwamba ukuta huo ni mwembamba kweli, dunia ilikuja kuona katika dawa hii hii. Dawa ya zamani, klorokwini, ilikuwa imeshindwa nguvu na vijidudu. Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998, ikatumia nyingine, nayo ikashindwa pia. Mwaka 2004 serikali yetu iliamua kwamba mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini ndio uwe dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2006 dawa hiyo ikaanza kuenezwa katika zahanati. Nchi nyingine za Afrika zilifanya vivyo hivyo karibu kwa wakati mmoja. Kampuni ya Novartis ya Uswisi, iliyokuwa imepatana na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 kuitoa dawa hiyo kwa nchi zenye malaria bila faida, ilijikuta inaombwa kuliko ilivyoweza kutengeneza. Mwezi wa Novemba 2004 Shirika hilo lilitangaza kwamba dawa imepungua. Mashine zilikuwapo, nia ilikuwapo. Kilichokosekana ni majani ya kutosha. Huwezi kuuamuru mmea ukue upesi kwa sababu mwanadamu amechelewa kuhesabu.

Kampuni ilijitahidi sana. Dozi iliyotoa mwaka 2004 zilikuwa kama milioni 4, na mwaka 2006 zilifika milioni 62. Lakini sikiliza yaliyompata mkulima. Upungufu uliipandisha bei ya artemisinini mpaka kufikia kama dola 1,200 kwa kilo. Habari za bei hiyo zikaenea, na wakulima wa China, Vietnam na hata wa Afrika Mashariki yetu wakaupanda mmea kwa wingi. Miezi ikapita, majani yakavunwa yote kwa pamoja, soko likafurika, na bei ikaporomoka mpaka karibu dola 120 kwa kilo. Mambo yote hayo yalitokea kati ya mwaka 2005 na 2008. Wakulima wengi waliachana na mmea huo wakarudia mahindi. Na walipouacha, mbegu ya upungufu mwingine ikawa imepandwa.

Nilipoyasoma hayo nilijiuliza, ni nani mkosaji? Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba dawa ikikosekana, lazima pawepo mwizi. Wezi wapo, wala siwatetei. Lakini katika habari hii mgonjwa alitaka kupona, muuguzi alitaka kutibu, kampuni ilitaka kutoa, na mkulima alitaka kuvuna. Kila mmoja alitenda jambo la busara kwa kadiri ya macho yake, na matokeo yakawa upungufu, kisha furiko.

Jibu nililipata katika mchezo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jay Forrester wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1958 na 1961 jinsi badiliko dogo la mahitaji dukani linavyokuwa kubwa kadiri linavyopanda kuelekea kiwandani. Chuoni mwao ukatungwa mchezo wa kulionyesha jambo hilo. Wenyewe huucheza kwa mfano wa biashara ya bia; mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa shule, niliwachezesha wanafunzi wangu kwa maharagwe.

Niliwapanga wanafunzi watano katika mstari mmoja. Wa kwanza alikuwa zahanati, wa pili ghala la wilaya, wa tatu ghala la taifa, wa nne kiwanda, na wa tano mkulima. Kuzungumza kulikatazwa, kila mmoja aliweza tu kumpelekea mwenzake wa nyuma kikaratasi cha kuagizia, na maharagwe aliyoagiza yalimfikia baada ya zamu mbili. Mimi nilikuwa wagonjwa. Kila zamu niliomba punje 4. Katika zamu ya tano niliomba 8, nikabaki hapo hapo kwenye 8 mpaka mwisho. Sikubadilika tena.

Zahanati iliona akiba yake inapungua, ikaagiza 12 ili ijilinde. Ghala la wilaya lilipoona 12, likadhani maradhi yameingia kijijini, likaagiza 18. Ghala la taifa likaogopa zaidi. Ilipofika kwa mkulima, kikaratasi kilisema punje 40! Mkulima maskini akajitahidi. Maharagwe yalipoanza kufika, kila mtu alikuwa nayo mpaka yanamwagika, na hakuna aliyeagiza tena. Mkulima alikaa zamu nne bila kuombwa hata punje moja. Darasa zima lilicheka, kisha wachezaji wakaanza kulaumiana. Wa nyuma alisema wa mbele ni mwenda wazimu. Wa mbele alisema wa nyuma ni mvivu. Nilipowafunulia kwamba wagonjwa walibadilika mara moja tu, kutoka 4 mpaka 8, walinyamaza.

Umewahi kumwona mchunga ng'ombe akiucheza mjeledi? Mkono hutikisika kidogo tu, lakini ncha huruka mpaka ikalia hewani. Ndivyo ulivyo mnyororo wa dawa. Mkono ni zahanati, na ncha ni shamba. Sasa fikiri, ikiwa mkono wenyewe umedanganya, ncha itapiga wapi?

Nikauchezesha mchezo mara ya pili. Safari hii nilimwamuru kila mchezaji aandike ubaoni, kila zamu, punje alizo nazo na punje alizoombwa na wagonjwa au na mwenziwe, wote wakaona. Niliomba vilevile, 4 kisha 8. Mkulima hakuombwa 40 tena. Wachezaji walikuwa wale wale, na maharagwe yale yale. Kilichoongezeka ni kujuana hali tu.

Jambo hilo halikubaki katika michezo ya darasani. Mwaka uo huo wa 2009 nilipokuwa nikiandika sifuri zangu Kwale, jirani zetu wa Tanzania walianza kulijaribu jambo hilo katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, zenye vituo vya afya 129. Kila Alhamisi wahudumu walipata ujumbe mfupi katika simu zao za mkononi wa kuwauliza dawa za malaria zilizobaki, nao wakajibu kwa tarakimu. Aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Mganga mkuu wa wilaya akaweza kuona palipo na wingi na palipo na upungufu, na dawa zikahamishwa. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimekosa angalau namna moja ya dawa hizo. Baada ya majuma 21, vilivyokosa vilikuwa 26 kati ya 100. Katika Lindi Vijijini hakikubaki hata kimoja. Hakuna aliyevumbua dawa mpya. Walihesabu, wakasema walichohesabu, na aliyesikia akatenda.

Lakini sitaki kukupa tumaini la uongo. Angalia kwamba baada ya juhudi zote hizo, robo ya vituo ilikuwa bado na upungufu. Hesabu ya kweli haizai dawa. Ghala la juu likiwa tupu, ujumbe wa simu utaonyesha utupu tu. Na yapo mambo ambayo karani wa kijijini hawezi kuyazuia hata akiandika kama malaika. Mwezi wa Machi 2020, Covid-19 ilipoitia dunia hofu, India, ambayo viwanda vyake huiuzia dunia dawa nyingi za bei nafuu, ilizuia kwa muda malighafi na dawa 26 zisipelekwe nchi za nje, parasetamoli ikiwamo. Nayo India hutegemea China kwa malighafi nyingi. Nchi isiyotengeneza dawa zake hukaa mwisho wa foleni ya wengine. Kuliondoa jambo hilo ni kazi ya wanasayansi, wahandisi na viongozi, na ninatumaini baadhi yao wanasoma ukurasa huu sasa.

Siku hizi makampuni makubwa ya dawa yana kompyuta zinazopima mambo mengi kwa pamoja: mauzo ya mwaka jana, akiba ya kila nchi, muda wa safari za meli, tarehe za kuharibika, na uwezo wa kila mashine. Huchagua kiasi cha kutengeneza, mahali pa kukitengenezea na wakati wa kukisafirisha. Ni vyombo vya ajabu, wala sivibezi. Lakini kompyuta, hata iwe na akili kiasi gani, haiko jikoni. Ukiipa sifuri ya njaa ukaiambia ni ya shibe, itaamini, itazidisha, itagawanya, na itakutolea jibu safi lililopangwa vizuri, na jibu hilo litakuwa limekosea kwa hesabu sahihi kabisa. Ndivyo nilivyofanya mimi. Hesabu yangu ya 30, 30 na 0 haikuwa na kosa la kugawanya. Mwalimu yeyote angeitia alama ya vema. Kosa lilikuwa katika kutouliza sifuri ile ilimaanisha nini.

Hii ndiyo sababu, msomaji kijana, ninawasumbua wanafunzi wangu kwa daftari la mahudhurio. Anayelitunza huniambia, "Mwalimu, fulani hayupo," nami humwuliza, "Hayupo kwa sababu gani?" Mtoro ni sifuri, mgonjwa ni sifuri, na aliyerudishwa nyumbani kwa karo ni sifuri pia. Katika daftari wote hufanana. Wengine hudhani kwamba mwalimu huyu ana ukaidi wa bure. Hawajui kwamba kila nionapo sifuri huiona taa nyekundu ya bodaboda ikizama gizani.

Huenda maisha yatakupa kazi kubwa, ukakaa katika ofisi ambamo dawa za nchi nzima hupangwa. Huenda yatakupa kazi ndogo, ukashika kadi ya stoo, daftari la maziwa au orodha ya mbegu za ushirika. Ikiwa kazi yako ni kubwa, kumbuka kwamba tarakimu zilizo mezani pako ziliandikwa na mtu aliyechoka, jioni, huku wenzake wakimwita uwanjani. Mwulize, wala usimdharau. Na ikiwa kazi yako ni ndogo, kumbuka kwamba hakuna aliye karibu na jiko kuliko wewe. Shamba la mbali, kiwanda, meli na ghala vyote vinaingoja kalamu yako. Jua likitua, acha mpira ungoje kidogo. Rudi katika kadi, uzihesabu siku.